Spika Iliyochanika: Historia Fupi ya Pedali, kwa Mwenye Ampu ya Kurithi

Mjomba wangu alipofariki aliniachia vitu viwili: gitaa lililokatika nyuzi mbili, na ampu ya transista ya wati 30 yenye spika moja ya inchi 10. Alikuwa mpiga rithimu katika bendi za dansi, miaka ya themanini hadi tisini, na ampu ile alikuwa akiifunika kanga kama mtu anavyofunika cherehani. Gitaa nilitia nyuzi mpya. Ampu nikaifuta vumbi, nikachomeka, ikawaka. Sauti yake ilikuwa safi. Safi mno. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Maana mimi sikulelewa na dansi peke yake. Nimekulia pia kaseti za roki za kaka mmoja wa jirani, na nilichokuwa nakitaka ni gitaa linalonguruma. Basi nikaenda Kariakoo na malipo ya makala mbili mfukoni, nikanunua pedali ya distosheni iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote pale dukani. Nyumbani nikaiunganisha. Ikatoka sauti ya nyuki waliofungiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikazungusha kila kilichozungushika, wapi. Kwenye mazoezi na wenzangu ikawa aibu zaidi: ngoma zikianza tu, gitaa linapotea. Mpiga ngoma akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Oya, umechomoa waya?"

Nikafikia uamuzi ambao wengi wangefikia: ampu ya mzee imechoka, niiuze, nitafute nyingine. Mnunuzi alishapatikana. Kabla ya kuikabidhi nikaipeleka kwa fundi aikague. Fundi akaisikiliza bila pedali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaisikiliza na pedali. Akaniangalia. "Mwanangu, hii ampu haina ugonjwa. Hivi hii pedali ulipoinunua, uliuliza inakwenda kuishi na nani?"

Swali lile sikuwa na jibu lake. Nilichofanya ni kile anachofanya mwandishi wa habari asiyejua kitu: nilikwenda kusoma. Na nilichokikuta ni historia tamu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ni historia ya vitu vibovu. Naiandika hapa kwa sababu naamini ndiyo mwongozo bora wa kununua pedali kwa mtu mwenye pesa kidogo, na kwa sababu nusura iniponze nikauza kitu cha marehemu bila sababu.

Ubovu kwanza, kifaa baadaye

Tuanze na jambo lenyewe. Sauti ya gitaa la umeme ni wimbi linalopanda na kushuka. Ampu nayo ina dari lake. Ukiisukuma zaidi ya uwezo wake, wimbi linagonga dari na kichwa chake kinakatwa. Kukatwa huko kunazaa sauti nyingine ndogondogo juu ya ile ya asili, na masikio yetu yanazisikia kama mkwaruzo, mngurumo, au mchaniko. Hiyo ndiyo distosheni. Kwa watengenezaji wa ampu wa mwanzo ilikuwa ni kasoro, kitu cha kuepukwa kwa gharama yoyote.

Mwezi Machi 1951, bendi ya Ike Turner ilikuwa safarini kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi kwenye studio ya Sam Phillips. Njiani ampu ya mpiga gitaa, Willie Kizart, ikaharibika. Wapo wanaosema ilianguka kutoka kwenye gari, wapo wanaosema ilinyeshewa. Kilichokubaliwa na wote ni kwamba walipofika studio spika ilikuwa imeumia, na hapakuwa na nyingine. Phillips akajaza karatasi ndani kuishikilia ile spika, wakarekodi hivyo hivyo. Wimbo ulikuwa "Rocket 88", ukatoka kwa jina la Jackie Brenston aliyeuimba, na wengi wanauhesabu miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za rock and roll. Lile gitaa linalovuma chini ya saksafoni ni gitaa la spika iliyoumia.

Miaka saba baadaye, 1958, Link Wray akatoa "Rumble". Yeye hakungoja ajali. Alichukua penseli akatoboa spika za ampu yake ili studio itoe uchafu ule ule aliokuwa akiupata jukwaani. Kwa sisi tunaopenda maandishi, "Rumble" ina kisa cha pekee: haina neno hata moja, lakini baadhi ya vituo vya redio Marekani vilikataa kuipiga kwa hofu kwamba ingechochea vijana kupigana. Fikiria wimbo usio na maneno kuogopwa kwa maana yake. Mkwaruzo peke yake ulitosha kuwa kauli.

Kisha London, 1964. Dave Davies wa The Kinks, kijana wa miaka 17, alikuwa na ampu ndogo ya bei rahisi ya Elpico. Akachukua wembe akachana spika yake. Lakini sehemu ambayo watu huiruka wanaposimulia ni hii: ile ampu ndogo iliyochanwa hakuipiga peke yake, aliiunganisha ikapitia kwenye ampu kubwa zaidi, Vox AC30. Ndogo ilichafua sauti, kubwa ikaikuza. Hiyo ndiyo "You Really Got Me". Ukiangalia vizuri, Davies alikuwa ametengeneza pedali bila kuwa na pedali: kisanduku cha bei nafuu cha kuharibu sauti, kikiwa mbele ya ampu inayokifaa. Kumbuka wazo hili la vitu viwili vinavyokaa pamoja. Tutalirudia.

Kosa la Nashville linauzwa dukani

Pedali yenyewe ilizaliwa kwa kosa jingine. Nashville, mwanzoni mwa miaka ya sitini, Marty Robbins anarekodi wimbo wa kantri wa taratibu, "Don't Worry". Grady Martin anapiga besi ya nyuzi sita, na njia mojawapo ya mashine ya studio ikafeli katikati ya kazi. Besi ikatoka inanguruma kama pikipiki. Wangeweza kufuta. Wakaiacha. Wimbo ukatoka 1961 ukapanda hadi kileleni mwa chati za kantri, na wanamuziki wakaanza kumuuliza fundi mitambo, Glenn Snoddy, sauti ile inapatikanaje. Mashine ilipokufa kabisa, Snoddy akakaa na mwenzake Revis Hobbs wakaunda saketi ya transista ya kuiga ule ubovu. Wakawauzia Gibson. Mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1, kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu.

Unajua waliitangazaje? Kama kifaa cha kulifanya gitaa lisikike kama ala nyingine: tarumbeta, tuba, chelo. Hawakuona kwamba wana sauti mpya mkononi. Walidhani wana mwigo wa sauti za zamani. Maduka yakachukua zaidi ya elfu tano mwaka wa kwanza, halafu wanunuzi hawakuja, na mwaka uliofuata kiwanda karibu hakikuuza kitu.

Mambo yaligeuka 1965. Keith Richards wa Rolling Stones alikuwa na wazo la "Satisfaction", na kichwani mwake ile melodi ya mwanzo ilikuwa ya tarumbeta. Akatumia Fuzz-Tone kama rasimu tu, kuonyesha mahali ambapo tarumbeta zingekuja kuingia. Wenzake wakaamua rasimu itoke kama ilivyo. Wimbo ukatikisa dunia, na Fuzz-Tone zilizokuwa zikilala stoo zikaisha kabla ya mwaka kwisha. Utamu zaidi ni kwamba mwaka huo huo Otis Redding akaurekodi wimbo huo kwa tarumbeta kweli, kama Richards alivyowaza mwanzo. Ni mzuri. Lakini ile iliyobaki midomoni mwa watu ni rasimu yenye mkwaruzo.

Pedali za kusukuma na pedali za kuumba

Sasa tufike kwenye kile ambacho fundi alikuwa ananiuliza.

Wakati fazi inauzwa Marekani, London kulikuwa na muuza duka la ngoma, Jim Marshall, ambaye na mafundi wake walichukua ampu ya Kimarekani, Fender Bassman, wakaiiga kwa vipuri walivyovipata Uingereza. Ampu hizo zote zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zinazopata moto. Valvu ina tabia yake: ukiisukuma kupita kiasi haikati wimbi ghafla. Inalibana kidogo kidogo, kama mtu mrefu anayeinama kupita mlango mfupi. Transista ya ampu ya kawaida haiinami. Inapitiliza moja kwa moja na kugonga kichwa kwenye fremu. Ndiyo maana distosheni ya valvu watu huiita ya joto, na ya transista iliyozidiwa huonekana kama kelele.

Lakini valvu nayo ilikuwa na masharti. Ili inguruma ilibidi uifungulie sauti juu sana. Eric Clapton alipokwenda kurekodi na John Mayall mwaka 1966, alisisitiza ampu yake ya Marshall ifunguliwe kama jukwaani, mafundi wa studio wakashika vichwa. Basi vikatokea visanduku vya kusaidia. Dallas Rangemaster, kwa mfano, haikuwa na distosheni ya maana peke yake. Kazi yake ilikuwa kuongeza nguvu ya sauti za juu kabla hazijaingia kwenye ampu, ili valvu zizidiwe mapema. Tony Iommi wa Black Sabbath aliitumia, na Brian May wa Queen alitumia kifaa cha aina hiyo mbele ya Vox AC30 zake. Hizi mimi naziita pedali za kusukuma. Bila ampu ya valvu iliyo tayari kupiga kelele, hazina wa kumsukuma.

Upande wa pili kuna pedali za kuumba. Hizi haziombi msaada wa ampu. Zinakata wimbi zenyewe, ndani ya kisanduku, kisha zinakabidhi sauti iliyokwisha kuiva. Fuzz-Tone ilikuwa hivyo. Fuzz Face ya London, 1966, ile ya duara ambayo Jimi Hendrix aliipa jina duniani, ni ya ukoo huo. Big Muff ya Electro-Harmonix, iliyotoka New York 1969, pia.

Mwisho wa miaka ya sabini ndipo mambo yakawa rahisi kwa mtu wa kawaida. Boss, kampuni ya Roland wa Japani, ilitoa OD-1 mwaka 1977 na DS-1 ya rangi ya chungwa mwaka 1978. Ibanez wakafuata na Tube Screamer ya kijani. Kule Kalamazoo, Michigan, ikatoka RAT. Zote hizi zinatumia chipu ndogo ya kukuza sauti na dayodi mbili tatu za kuikata. Tofauti yao iko wapi dayodi zimekaa. Kwenye OD-1 na Tube Screamer, dayodi ziko ndani ya mzunguko wa chipu yenyewe, kwa hiyo mkato ni laini. Kwenye DS-1 na RAT zimewekwa baada ya chipu, mkato ni mkali. Ni vipuri vya bei ya chai. Ndiyo maana pedali nafuu inaweza kuwa nzuri kweli: hakuna siri ya dhahabu mle ndani.

Tena kila moja ina umbo lake la sauti, na umbo hilo lina historia. Tube Screamer inapunguza besi na kuinua sauti za kati. Stevie Ray Vaughan aliipenda mbele ya ampu za Fender, ambazo kwa asili zina pengo pale katikati. Pedali ilijaza shimo la ampu. Big Muff inafanya kinyume: inapunguza sauti za kati, inaacha besi nene na juu kukali. Peke yako chumbani ni raha tupu. Ukiiweka kwenye ampu ambayo nayo ina pengo katikati, na ukaongeza ngoma na besi, gitaa linamezwa.

Hapo nikaelewa aibu yangu. Pedali niliyonunua ilikuwa ya kuumba, ya mtindo wa metali, imechimbwa katikati kama mtumbwi. Ampu ya mjomba, kwa vile ilikuwa ya dansi, nilikuwa nimeiwekea besi juu na trebo juu, midi chini. Nikachimba shimo juu ya shimo. Mpiga ngoma alikuwa sahihi: ni kama vile nilichomoa waya.

Mkwaruzo haukuja na meli

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi gitaa letu ni safi. Kweli, rumba na dansi na benga vimejengwa juu ya gitaa linalometa. Lakini usafi siyo historia yetu yote.

Zambia, miaka ya sabini, vijana wa WITCH, Amanaz na Paul Ngozi walipiga fazi juu ya midundo ya kwao hadi mtindo ukapata jina, Zamrock. Albamu ya Amanaz, "Africa", ni ya 1975. Na Dar haikuwa mbali na mambo hayo: bendi ya Sunburst, iliyokuwa na makao yake hapa mjini, ilirekodi albamu yake "Ave Africa" na ikatokea huko huko Zambia mwaka 1976, mwaka ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa nchi hizi mbili.

Kinshasa nako, Mawangu Mingiedi alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za jiji. Hakuwa na duka la kwenda. Yeye na Konono N°1 wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vikuukuu. Likembe zikatoka zinakwaruza kama gitaa la Hendrix. Mwanzoni ilikuwa ni athari ya vifaa tu, baadaye ikawa ndiyo sauti yenyewe, na katikati ya miaka ya 2000 wasikilizaji wa Ulaya walikuwa wakipanga foleni kuisikia. Ni "Rocket 88" tena, bila yeyote kuiga.

Na kabla ya umeme? Ilimba ya Wagogo, ile aliyoipeleka Hukwe Zawose duniani, huwekewa utando wa buibui juu ya tundu la sanduku lake ili sauti ivume. Mtu alikaa akafikiri: sauti hii ni safi mno, inahitaji mvumo. Sikiliza zumari harusini Zanzibar. Sikiliza koo la Bi Kidude, marehemu. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi yule asafishe sauti. Mkwaruzo ndimo umri wake ulimokaa, na ndiyo uliokuwa unaaminika.

Kwa hiyo mtu anayetafuta pedali ya distosheni kwenye maduka ya Kariakoo hajaacha mila. Anatafuta utando wake wa buibui.

Ukiwa na hela kidogo

Kutokana na historia hiyo, haya ndiyo ninayomwambia sasa mtu akiniuliza anunue pedali gani. Simwambii jina kwanza. Namuuliza ampu.

Ampu yako ni ya valvu au ya transista? Kama ni ya valvu, na unaweza kuifungulia mpaka ikaanza kukohoa, pedali laini ya kusukuma itakutosha: distosheni ya pedali iweke chini, kiasi cha sauti kiweke juu, uache valvu zifanye kazi. Kama ni ya transista, kama ya kwangu na za wengi wetu, usihangaike kuisukuma, itagonga kichwa. Iache safi kabisa. Tafuta pedali ya kuumba, inayojitegemea. Na kama ampu ina distosheni yake ya ndani, izime kwanza. Mbili zikipandana unapata wale nyuki.

Ampu ina pengo katikati? Tafuta pedali yenye sauti za kati, ya ukoo wa Tube Screamer au RAT. Ampu inabweka katikati? Hapo ndipo Big Muff na jamaa zake wanapofaa. Usitafute kinachofanana na ampu yako, tafuta kinachoikamilisha.

Spika ni ndogo? Spika ndogo haiwezi kubeba besi nyingi ya distosheni, inapwaya. Na ampu nyingi ndogo za transista ni kali juu. Chagua pedali yenye kifaa cha kupunguza ukali wa juu kinachofanya kazi kweli. RAT ina kimoja kinachoitwa filta: ukikizungusha kulia, ukali unapungua badala ya kuongezeka. Wengi hukikosea wakadhani pedali imeharibika.

Joto nalo ni swali, hasa kwetu wa pwani. Fazi za zamani zilitumia transista za germaniamu, ambazo tabia yake hubadilika joto likipanda. Ukikuta fazi nafuu, uliza kama ni ya silikoni. Ina ukali zaidi, lakini asubuhi na saa nane mchana itakuwa ile ile.

Umeme: pedali nyingi zinataka voti 9, hasi katikati, chanya nje. Lakini siyo zote, hasa fazi za mtindo wa zamani. Angalia mchoro mdogo kando ya tundu kabla hujachomeka adapta. Wapo waliochoma pedali nzima kwa kuokoa sekunde tano.

Na la mwisho ndilo kubwa. Usijaribu pedali kwenye ampu ya dukani. Beba yako. Najua ni mzigo, najua bodaboda atalalamika. Lakini ukijaribu kwenye ampu ya dukani, umenunua nusu ya sauti na nusu nyingine umeiacha pale pale. Kisha fungulia kwa sauti utakayopigia na wenzako, siyo ya chumbani. Sauti inayokupendeza ukiwa peke yako usiku mara nyingi ndiyo inayozama bendi ikianza.

Bei haina neno la mwisho. Boss HM-2 ilitoka 1983 kwa ajili ya metali, haikupendwa sana, ikaacha kutengenezwa 1991. Lakini Stockholm kulikuwa na vijana, Entombed, waliyoichukua wakazungusha kila kitu hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwongozo ungelishauri, wakarekodi "Left Hand Path", iliyotoka mwaka 1990. Sauti ile ikawa alama ya mtindo mzima. Pedali iliyodharauliwa ikaanza kusakwa kwa bei ya juu, hadi Boss wenyewe wakalazimika kuirudisha sokoni baada ya miaka karibu 30. Kurt Cobain naye alipiga DS-1, pedali ambayo mwanafunzi wa Marekani angeweza kuinunua kwa akiba ya kazi za likizo.

Mimi nilimrudia mnunuzi wa ampu nikamwomba radhi. Alinuna, ana haki. Pedali ya kwanza niliiuza kwa nusu ya bei kwa kijana mwenye ampu inayobweka katikati, na kwake, nakuhakikishia, inanguruma vizuri sana. Nami nikapata ya mtumba, nakala ya ukoo wa RAT, rangi imebanduka, kifuniko cha betri kimepotea. Nikaibeba ampu hadi kwa muuzaji, nikaweka midi juu, besi chini, filta katikati.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mazoezi. Wimbo wa pili, mpiga ngoma akasimama ghafla. Nikajua tena yale yale. Akasema, "Punguza kidogo bwana, sijisikii."

Sikupunguza. Siyo siku ile.